Kaburi Lisilo na Magugu

Mwanamume aliyesimama mlangoni alikuwa na mfuko wa suruali uliochanika, kwa hiyo fundi cherehani hakushtuka. Watu wengi walimjia hivyo, wameshika mahali palipoharibika.

"Karibu. Vua hapo nyuma ya pazia, dakika tano tu nitakuwa nimekushonea."

"Sivui, mama," mgeni alisema, akicheka kwa aibu. "Mimi ni tarishi wa mahakama. Wewe ndiye mke wa fundi mageti?"

"Ndiye mimi. Kafanya nini?"

"Alichofanya sikijui. Mimi huleta, sisomi." Akatoa bahasha ya kaki na daftari kubwa. "Weka sahihi hapa. Kusaini si kukubali kosa, ni kusema umepokea tu. Wengine huniachilia mbwa."

Fundi akasaini. Shule zilikuwa zimefungwa, na chini ya meza ya kukatia nguo Pindo alikuwa amelala kifudifudi akipanga vifungo kwa rangi zake. Miaka tisa sasa. Miguu ilikuwa imeanza kutokeza nje ya meza. Alipewa jina hilo la utani tangu akitambaa, kwa sababu hakuacha pindo la nguo ya mteja bila kulivuta.

Karatasi zilikuwa na maneno yaliyojifunga kama uzi uliotatana. Mwombaji. Mjibu maombi wa kwanza. Mjibu maombi wa pili. Akapitisha macho hadi akafika kwenye sentensi moja aliyoielewa yote: kwamba mtoto wa kike, umri miaka tisa, akabidhiwe kwa baba yake mzazi.

"Baba yake mzazi yupi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Tarishi aliitazama ile miguu chini ya meza, kisha akatazama pembeni. "Mama, mimi si mwanasheria. Ila nikwambie kama dada yangu: usiende mahakamani mikono mitupu. Kuna vijana wanasaidia bure, ukumbi wa manispaa, mlango wa nyuma, kila Jumatano. Wahi namba."

Mtaa mzima, ambako walihamia mtoto akiwa tayari mgongoni, ulijua kuwa Pindo ni mtoto wa fundi cherehani na fundi mageti. Kweli waliijua wawili tu. Alizaliwa na mdogo wa kike wa fundi cherehani, aliyefariki mtoto akiwa na miezi mitatu. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda kuchimba madini machimbo ya mbali, na kwa alivyojua fundi, hakurudi wala hakuandika.

*

Mumewe alikuja mchana, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili aliukunja ndani ya ule wa kwanza.

"Matapeli hawa."

"Tapeli gani ana mhuri wa mahakama?"

"Mhuri huchongwa. Mimi mwenyewe naweza kukuchongea."

"Baba Pindo, mtu huyu anasema mtoto ni wake. Si alitoweka?"

"Basi arudi alikotoweka." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Tutatafuta wakili wa kulipwa. Wakili wa maana, mwenye tai."

Wakili mwenye tai alikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Kufungua faili tu kulihitaji bei ya mageti manne, na mumewe hakuwa ametengeneza mageti manne tangu mwaka uanze. Walishuka ngazi.

"Jumatano nitakwenda manispaa," mke alisema.

"Ili niandikwe fukara? Mimi? Nusu ya mageti ya mji huu nimechomelea mimi!"

"Na sisi wenyewe tuna mlango wa mbao uliopinda."

Mumewe hakucheka. Alisema angeenda yeye. Mkewe akasema asiende, kwa sababu mdomo wake huwaka kama mashine yake, angegombana na watu kabla ya saa nne. Alikubali. Alikuwa na siku mbili nzima za kusema jambo alilotakiwa kulisema. Siku ya kwanza alitengeneza mguu wa meza uliokuwa haujavunjika. Siku ya pili alipaka mlango rangi.

*

Msaada wa bure ulitaka barua ya kuthibitisha kipato kidogo. Karani wa ofisi ya mtaa aliinua kalamu.

"Mna redio?"

"Ipo."

"Kitanda?"

"Tulale wapi, mwanangu?"

"Basi nyie si maskini. Nyie ni watu wa kawaida."

"Andika basi kawaida ya chini."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka. Mmoja alikuwa mteja wake, mwalimu, ambaye aligeuza uso haraka kana kwamba amemkuta anaoga. Fundi alisimama pale joto likimpanda masikioni hadi mhuri ukagongwa.

Jumatano alipata namba ishirini na tatu. Mwanamke mnene aliyekuja na kiti chake cha plastiki alimsogezea nusu ya kiti. "Kaa, dada. Hapa bure ni bure kweli, ila kusubiri ndiyo malipo."

Saa sita aliitwa. Wakili alikuwa msichana mwembamba mwenye shati lililofuliwa hadi likapauka, na faili zimempanda mezani mpaka kidevuni. Alisimama kumpokea. Hakuna mtu aliyekuwa amemwinukia fundi tangu wiki ianze.

"Shikamoo, mama. Kabla hatujaanza kuna maswali ya fomu. Unisamehe, si yangu. Kwa siku mnakula milo mingapi?"

"Inategemea siku hiyo wamelipa wateja wangapi."

Wakili aliandika, akayaruka maswali matatu yaliyofuata kwa hiari yake.

Fundi hakungoja. Akafungua kitambaa akatoa kadi ya kliniki, imechakaa pembeni, na kuiweka mezani kama mtu anayefunga mazungumzo. "Mtoto ni wetu. Huyo mtu aonyeshe yake."

Kadi ile ndiyo iliyomkosesha usingizi. Haikuwa ya Pindo. Ilikuwa ya mtoto wake mwenyewe, aliyezaliwa wiki tatu kabla ya Pindo na kufariki kwa homa wiki chache baada ya kumzika mdogo wake. Siku alipompeleka Pindo kuchanjwa, alichukua kadi iliyokuwa karibu. Muuguzi akaita jina la marehemu, na fundi, ambaye hakuwa amelisikia likiitwa kwa mwezi mzima, akaitika. Kutoka hapo jina lilikwenda shuleni, likakaa kwenye daftari, likapewa cheti. Kila mwaka alijiambia atasahihisha. Hiyo ndiyo siri aliyodhani amekuja kuificha.

"Vizuri," wakili alisema. "Sasa nikusomee wanachodai wao. Ulishasomewa?"

"Nusu."

Wakili aliukunjua ukurasa wa pili.

"Hiki ni kiapo cha mwombaji, yaani huyo baba. Anasema: 'Niliporudi kutoka machimboni nilikuta mama wa mtoto wangu amefariki. Nilikwenda karakana ya mjibu maombi wa kwanza...' Huyu ni mumeo. 'Akanipa maji ya kunywa. Akaniambia mtoto naye amefariki.'"

Fundi hakusogea.

"'Alinishika mkono akanipeleka makaburini, akanionyesha kaburi dogo, bado bichi. Nikapiga magoti. Yeye alisimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza kulia.'" Sauti ya wakili ilikuwa imeanza kupungua. "'Tangu hapo, kila mwaka huomba ruhusa kazini na kuja kulipalilia. Mwaka huu nilipata fedha za kuweka jiwe. Niliomba ofisi ya makaburi jina kama lilivyo kitabuni, ili fundi wa jiwe asikosee. Jina nililopewa si la mwanangu.'"

Mlango ulikuwa wazi, na nje mtu alikuwa anaita namba ishirini na nne.

"Soma tena hapo," fundi alisema.

Wakili alisoma tena.

"Hapo pa magoti."

Akasoma mara ya tatu.

Kila mwaka fundi alipokwenda kumwona mwanawe alikuta kaburi halina jani hata moja, udongo umesawazishwa, kokoto nyeupe zimepangwa pembeni. Alimshukuru mlinzi wa makaburi. Alimpa chochote alichokuwa nacho, na mlinzi alipokea akisema, "Ndiyo kazi yetu, mama." Miaka minane. Mtu asiyemjua alikuwa akimlilia mtoto wake kwa jina la mtoto mwingine, na huyo mwingine alikuwa nyumbani anapanga vifungo.

Wakili alimpa maji yake mwenyewe kwenye kikombe kilichovunjika mkono.

"Mama, kuna nakala ya kitabu cha makaburi hapa." Aliiweka kando ya kadi ya kliniki. Majina mawili yalikuwa moja.

"Kwa karatasi," fundi alisema taratibu, "mwanangu aliyekufa yuko darasa la tatu."

"Ndiyo, mama. Na aliye hai hayupo popote."

Hapo ndipo fundi alipolia, kwa sauti, mbele ya mlango ulio wazi. Mwanamke wa kiti cha plastiki aliinuka akaufunga.

Alipotulia alieleza yote. Wakili alisikiliza bila kuandika, kisha akamrudishia kadi. "Hii siwezi kuipeleka mahakamani. Najua sasa. Nikiipeleka nitakuwa nimesema uongo."

"Kwa kuwa ni bure?"

"Hata ungenilipa. Ila ukikubali kusema kweli, yote, nitasimama na wewe mpaka mwisho. Hakimu atauliza jambo moja kubwa: mtoto huyu atakuwa salama na kupendwa wapi? Hilo tunalo la kulisema. Lakini kweli nayo ina hatari zake. Suala la kadi linaweza kuwaletea kesi nyingine. Na mtoto..." Alisita. "Siwezi kukuahidi mtoto."

*

Mumewe alikuwa anachomelea uani. Fundi cherehani alipita cheche kama hazipo, akazima umeme ukutani.

"Mama Pindo, utaniunguzia..."

"Usiniite hivyo."

Aliinua miwani. Akaona uso wake, akaiweka mashine chini.

"Umesomewa," alisema.

"Ulimpeleka kwa mwanangu. Ulimwacha alie juu ya mwanangu, wewe umesimama nyuma. Ulikuwa unafikiria nini? Niambie. Ulikuwa unafikiria nini umesimama pale?"

"Nilikuwa naomba asiulize jina."

Mkewe alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga, wala hakuwahi kumpiga mtu. Mkono wake wenyewe ulimshangaza, akaushika na ule mwingine.

"Ulikuwa umelala siku kumi na moja," mume alisema, bila kugusa shavu. "Hukumbuki. Huli, husemi. Nilikunywesha maji kwa kijiko. Nikakuwekea mtoto wa mdogo wako kifuani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kumweka, nina kazi, analia. Na wewe ukafungua macho. Ukamnyonyesha. Siku ya pili ukaomba chai. Siku ya nne ndiyo akaja yule. Kijana, ana begi, ana viatu vidogo vya mtoto mkononi. Nikajua akimchukua, nitazika wa tatu."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Kama unataka kufa?"

"Ungeniuliza!" alipiga kelele, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akaingia ndani kwake. "Mtu ana baba! Mimi nimemlea miaka yote nikimwambia moyoni, maskini wee, baba yako alikukataa. Kumbe alikuja na viatu."

Baadaye, mumewe alipowasha umeme tena, hakuchomelea kitu. Alikaa tu akiusikiliza mlio wa mashine.

Pindo aliambiwa jioni ile ile, jua lingali juu. Wakili alikuwa amesema mtoto asije akasikia habari zake kwa watu wazima wa mahakamani. Alisikiliza hadi mwisho, kidole kimeshika kifungo.

"Kwa hiyo yule wa kaburini ndiye mwenye jina langu?"

"Ndiye."

"Na mimi naitwa nani?"

"Pindo."

"Hilo si jina, mama. Huo ni utani wenu."

Mama alimwambia jina alilopewa na mama yake mzazi. Mtoto alilirudia mara mbili, kama anayejaribisha kiatu, kisha akaingia chini ya meza na hakutoka hadi chakula kilipopoa.

*

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo kuliko walivyokiogopa. Baba wa mtoto alikuwa mwanamume mfupi, mkono wa kushoto umepungukiwa vidole viwili, shati limefungwa mpaka shingoni. Hakumtazama fundi mageti hata mara moja. Wakili alisema kweli, yote, bila kupamba. Kisha mume akaomba kusimama.

"Nilimdanganya huyu bwana. Mke wangu hakujua. Kama kuna adhabu, mimi ndiye."

"Hatujafika kwenye adhabu," hakimu alisema. Alimgeukia mwombaji. "Unataka nini hasa?"

Mtu yule alikuwa amejiandaa, ilionekana. Alikuwa na karatasi mkononi. Akaiangalia, akaikunja.

"Mheshimiwa, nilimzika. Sijui mtu aliyemzika mtoto anatakiwa kuomba nini. Nataka kumwona akila."

Mwandishi wa mahakama aliacha kupiga chapa. Wakili aliinama kwenye faili lake na kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Hakimu aliamuru mtoto abaki alipo kwa wiki sita, ofisa wa ustawi wa jamii akatembelee nyumba zote mbili, na kila Jumamosi mtoto akae na baba yake kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja. Suala la kadi lingepelekwa panapohusika. Baada ya wiki sita angeamua.

Kwenye korido, yule mtu alimsogelea fundi cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza kusemezana.

"Shemeji. Utamleta kweli?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyewahi kuamini.

"Nitamleta mimi mwenyewe. Saa tatu."

"Si lazima iwe saa tatu kamili..."

"Nimesema saa tatu."

*

Ijumaa alasiri mumewe alimkuta anapiga pasi gauni la mtoto. Alisimama mlangoni.

"Kaka yangu kule kwake ana chumba kitupu. Basi la kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Wiki sita, wiki sitini, nani atatutafuta?"

Mkewe aligeuza gauni upande wa pili.

"Wakiona anapenda kule, watampa. Unajua watampa. Ana damu, sisi tuna kesi. Unampeleka mwenyewe kwa mkono wako?"

"Nimemwambia saa tatu."

"Umemwambia tu mtu, hukuapa."

Aliiweka pasi chini. "Wewe nawe ulimwambia tu mtu."

Mumewe alibaki ameshika fremu ya mlango aliyoipaka rangi. Kisha akaondoka kwenda uani.

Mteja wa magauni ya harusi alifika magharibi haijaingia. Magauni sita, kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule, na mabinti walitakiwa kuyajaribu Jumamosi saa tatu, kwani baada ya hapo wote walikuwa na shughuli nyingine za harusi.

"Njooni mchana," fundi aliomba. "Au Jumapili alfajiri. Nitakesha nikimalizia."

"Harusi ni Jumapili, fundi. Una nini cha maana kesho kuliko hili?"

Angeweza kusema. Alifikiria mtaa mzima ukilijua kabla jua halijazama. "Nimeahidi mtu," alisema.

Mteja aliyakunja magauni yake yote sita, yakiwa na pini, akayapeleka kwa fundi mwingine. Hakulipia hata yaliyokwisha shonwa.

Jumamosi walitembea, kwa kuwa nauli ilikuwa ya mmoja. Pindo alikuwa ameshika mkono wa mama yake kama mtoto mdogo zaidi ya umri wake. Walipita soko, wakapita gereji, wakaingia uchochoro wa vyumba vya kupanga vyenye milango ya buluu.

"Nikimpenda, utakasirika?" Pindo aliuliza.

Fundi alitembea hatua kadhaa. "Sitakasirika."

"Nisipompenda?"

"Utanisubiri mpaka saa kumi na moja, na utasema asante."

Yule mtu alikuwa nje ya mlango, amesimama, shati lile lile la mahakamani. Chumba nyuma yake kilikuwa kimefagiliwa, meza ina sahani mbili zimefunikwa, na kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani ili pawe na nafasi. Jirani yake aliyekuwa anaosha ndoo alisema kwa sauti, "Haya, wamekuja! Tangu saa moja umesimama kama nguzo," na yule mtu akacheka kidogo, akanyamaza ghafla alipomwona mtoto kwa karibu. Mkono wake wenye vidole vitatu ulipanda hadi mdomoni, ukabaki pale.

Pindo alimtazama. Kisha akataja jina lake, lile la mama yake mzazi, kwa sauti ya kujitambulisha kama walivyofundishwa shuleni.

Yule mtu alijaribu kujibu mara mbili.

"Maziwa yakiwa na utando hanywi," fundi alisema haraka, kwa kuwa angenyamaza asingeweza tena. "Uutoe kwanza. Akila haraka hupaliwa. Mbwa anawaogopa, ila hatakwambia."

"Utando. Haraka. Mbwa," yule mtu alirudia, kama anayekariri.

Redio ya jirani ilianza kutangaza saa tatu kamili. Fundi akavifungua vidole vya mtoto, kimoja kimoja, kutoka kwenye mkono wake.